Kala-azar Karamoja: mwongozo kamili wa kutafuta kimelea kinapojificha na kukizuia kisienee

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijiji (VHT), maofisa wa mifugo, walimu na viongozi wa mabaraza ya mitaa (LC) katika wilaya za Amudat, Nakapiripirit na Moroto, eneo ambalo linatoa karibu wagonjwa wote wa Uganda wa kala-azar, ugonjwa wa viungo vya ndani unaoletwa na kimelea cha leishmania. Swali wanaloulizwa kila mara ugonjwa huu unapoingia kijijini ni moja: umetoka kwa mnyama gani? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa wafugaji wanajua vizuri jinsi maradhi yanavyoruka kutoka kwa ng'ombe kuja kwa mtu. Hata hivyo, kwa kala-azar ya Afrika Mashariki ushahidi mzito zaidi unamwelekea binadamu mwenyewe, hasa mgonjwa ambaye hajatibiwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zifuatazo inahusu kumtafuta mgonjwa, na sehemu ndogo tu inahusu kumshughulikia mnyama.

Hatua ya kwanza: jua unashughulika na leishmania ipi

Leishmania ni jina la kundi la vimelea vidogo mno, ambavyo zaidi ya aina 20 vinaweza kumdhuru binadamu. Vyote huenezwa na usubi jike, mdudu mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, ambaye huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Usubi huyu asichanganywe na yule mweusi, mnene, wa kando ya mito yaendayo kasi, aletaye upofu wa mtoni. Hao ni wadudu wawili tofauti kabisa, wanauma saa tofauti na wanazaliana mahali tofauti.

Aina zinazoshambulia ngozi huacha kidonda kwenye uso, mkono au mguu, kidonda ambacho huchukua miezi kupona na kuacha kovu. Aina inayoshambulia viungo vya ndani ndiyo kala-azar: vimelea huingia ndani ya chembe za kinga, huzaana katika wengu (au bandama, kama wengi wasemavyo), ini na uboho, na mgonjwa hudhoofika kwa wiki na miezi. Asipotibiwa, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hufa. Kimelea kinacholeta kala-azar Karamoja ni Leishmania donovani. Ni lazima kukumbuka jina hilo, kwa sababu karibu kila kosa linalofanywa kuhusu wanyama hutokana na kuchukua habari za aina moja ya leishmania na kuzibandika juu ya nyingine.

Hatua ya pili: pima ushahidi dhidi ya kila mnyama kabla ya kumhukumu

Mnyama hawi hifadhi ya ugonjwa kwa sababu tu damu yake imeonyesha kwamba aliwahi kuambukizwa. Ili ahesabiwe kuwa hifadhi, ni lazima abebe kimelea kilekile kinachowaumiza watu, akae nacho muda mrefu kikiwa kwenye ngozi au damu ambapo usubi anaweza kukifyonza, na aumwe na usubi yuleyule anayewauma watu. Tena wanyama wa jinsi yake wawe wengi kiasi cha kuuendeleza ugonjwa mwaka hadi mwaka hata bila binadamu. Sharti moja likikosekana, mnyama huyo anaweza kuwa mhanga tu kama sisi.

Mbwa ndiye mshtakiwa wa kwanza, na katika nchi nyingine ana hatia kweli. Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania na huko Brazil, kala-azar inaletwa na Leishmania infantum, na mbwa ndiye hifadhi yake kuu. Wengi wa mbwa walioambukizwa huonekana wazima huku ngozi yao ikiwalisha usubi vimelea. Huku kwetu kimelea ni kingine. Mbwa wenye L. donovani wamepatikana Sudan na Ethiopia, na katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi Sudan walikipata kimelea hicho pia katika panya wa porini na wanyama walao nyama. Kwa hiyo mtu asiape kwamba wanyama hawahusiki kabisa. Huenda wanakiweka hai kimelea katika nyika ambako watu ni wachache. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mbwa wa manyatta ndiye anayeua watoto ni safari ndefu, ambayo ushahidi haujaikamilisha.

Pimbi ana kesi yake mwenyewe. Katika nyanda za juu za Ethiopia, na upande wa Kenya wa Mlima Elgon, yeye ndiye anayehifadhi Leishmania aethiopica, ambayo huleta ugonjwa wa ngozi, na usubi wanaoieneza huishi kwenye mapango na mianya ya miamba anakolala. Mtu anayeishi kwenye miteremko ya mlima na ana kidonda kisichopona ana sababu ya kumfikiria pimbi. Mtu wa tambarare za Amudat mwenye homa na tumbo lililovimba hana. Panya wa maeneo makame nao huhifadhi Leishmania major, ya ngozi vilevile, ambayo imepatikana katika panya pori wa Baringo nchini Kenya.

Ng'ombe, mbuzi na ngamia wanahitaji maelezo ya uangalifu zaidi, maana ndio mali ya watu. Usubi hupenda damu yao, lakini mifugo haijathibitishwa kuwa hifadhi ya L. donovani. Wanachofanya ni kubadilisha mahali usubi anapokula: kundi lililofungwa mbali na wanaolala laweza kumvuta mdudu awaache watu, na kundi lililolala ubavuni mwa watu laweza kumleta hadi mlangoni. Kala-azar haiambukizwi kwa kunywa maziwa, kula nyama wala kugusana na mgonjwa, na ni vema jambo hilo lisemwe wazi kila mkutano, kwa sababu uvumi wa maziwa huwanyima chakula watoto ambao utapiamlo tayari unawaweka hatarini.

Hatua ya tatu: elewa jinsi mtu anavyokisafirisha kimelea

Usubi anapomuuma mgonjwa wa kala-azar hufyonza vimelea pamoja na damu. Ndani ya utumbo wake vimelea hubadilika umbo, huota mkia, huongezeka na kusogea hadi mdomoni kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi. Kisha mtu mwingine akiumwa huvipokea. Mdudu huyu haruki mbali, kwa kawaida mamia machache tu ya mita. Kimelea kikionekana kilomita 80 kutoka kilipokuwa mwaka jana, ni mwenye miguu aliyekibeba.

Mfano mkubwa zaidi uko jirani. Katika eneo la Upper Nile ya Magharibi, ambalo sasa ni Sudan Kusini, kala-azar iliingia mwaka 1984 wakati wa vita miongoni mwa watu ambao hawakuwa na kinga nayo, na kwa muda wa miaka kumi ilikadiriwa kuwa imeua watu wapatao 100,000 kati ya wakazi wasiofika 300,000. Wapiganaji na wakimbizi walikuwa wakitembea, misitu ya migunga ilikuwa imeota upya na kumpa usubi makao, chakula kilikuwa haba na hospitali hazikuwapo. Hakuhitajika mnyama mpya ili hayo yatokee.

Si kila mtu aliyeambukizwa anaeneza ugonjwa kwa kiwango kimoja. Wengi wanaoingiwa na kimelea hawaugui kamwe, na uchunguzi uliofanywa Bihar, India, ambapo usubi wa maabara waliachwa wawaume watu waliojitolea, ulionyesha kwamba watu hao wasio na dalili hawakuwaambukiza usubi, ilhali wagonjwa wa kala-azar na wenye madoa ya ngozi yanayofuata baada ya kala-azar waliwaambukiza. Madoa hayo, ambayo madaktari huyaita PKDL, hutokea kwa baadhi ya watu waliokwisha kupona: vipele au mabaka yaliyofifia rangi, yakianzia kuzunguka mdomo na kusambaa usoni, mikononi na kifuani. Hayaumi, hayawashi sana, na mwenye nayo anachunga mifugo kama kawaida. Nchini Sudan, karibu nusu ya waliotibiwa huyapata. Uganda na Kenya ni wachache zaidi, lakini wapo. Kundi jingine la kuangaliwa ni wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, ambao hubeba vimelea vingi mno na ugonjwa huwarudia mara kwa mara hata baada ya tiba nzuri.

Hatua ya nne: kagua boma wakati wa jioni

Ukaguzi wa mchana hauonyeshi mengi, kwa sababu usubi hujificha kwenye giza lenye unyevu. Usubi anayeeneza kala-azar Karamoja, Phlebotomus martini, hukaa ndani ya vichuguu, katika mashimo ya hewa ambayo mchwa huyajenga kama dohani. Uhusiano wa kichuguu na kala-azar ulionekana Kenya tangu mlipuko wa Kitui wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako watu walizoea kukaa jioni juu ya vichuguu au kando yake.

Anza saa kumi na mbili jioni. Zunguka boma ukiwa umevaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, na uchore ramani ya mkono: nyumba, zizi, mahali pa kuota moto, mahali vijana wanapolala, na kila kichuguu chenye matundu wazi. Giza likiingia, mulika tundu la kichuguu kwa tochi ukiwa umeinama pembeni. Usubi ni wa rangi ya majani makavu, ana manyoya, na akitua hukunja mabawa juu yakiwa wazi kama herufi V. Mbu hulaza yake mgongoni. Hasikiki akiruka, na hasafiri moja kwa moja bali hudunda kwa miruko mifupi. Ukitaka uthibitisho wa kupeleka wilayani, paka karatasi nyeupe mafuta ya nyonyo pande zote mbili, ichomeke kwenye kijiti karibu na tundu, na uiache usiku kucha. Asubuhi mapema utawakuta wamenasa. Watoe kwa brashi laini na uwatie ndani ya chupa ndogo ya spiriti, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli tarehe na jina la kijiji.

Kisha uliza, na uulize kwa adabu: "Mzee, vijana wanalala wapi wakati wa kiangazi?" Jibu mara nyingi ndilo linaloeleza kwa nini wavulana huugua kuliko wengine. Wachungaji huhamia na mifugo mahali penye maji na malisho, hulala nje, na kichuguu kilicho kikavu na kilichoinuka huwa kiti cha kuangalizia kundi. Usiikague manyatta ukaisahau kambi ya ng'ombe.

Hatua ya tano: mtafute mgonjwa kabla hajakutafuta

Mshukiwa wa kala-azar ni mtu yeyote aliyeishi au kupita eneo la ugonjwa, mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, pamoja na wengu uliovimba au kukonda. Dalili hujitokeza miezi 2 hadi 6 baada ya kuumwa, kwa hiyo uliza alikokuwa msimu uliopita, si wiki iliyopita. Kutokwa damu puani, kupauka viganja na tezi kuvimba huongeza shaka.

Wengu hupimwa kwa mkono, na VHT yeyote aliyefundishwa anaweza kuupapasa. Mlaze mtoto chali, magoti yakiwa yamekunjwa ili tumbo lilegee. Simama upande wake wa kulia, weka vidole chini ya kitovu upande wa kulia, na uvisogeze polepole kuelekea mbavu za kushoto, ukimwambia avute pumzi kila unaposimama. Wengu uliovimba hushuka na pumzi na kugonga ncha za vidole kama ukingo mgumu. Usianzie mbavuni, kwa kuwa wengu mkubwa sana unaweza kuwa tayari chini ya kiganja chako na usihisi ukingo wowote. Wala usibonyeze kwa nguvu. Ukikuta chale au alama za moto juu ya tumbo upande wa kushoto, usimkemee mzazi. Alama hizo zinakwambia kwamba familia imeuona uvimbe huo siku nyingi na imejaribu ilichokuwa nacho.

Hapa malaria huharibu mambo. Eneo lote lina malaria, na kipimo chake kikionyesha ugonjwa upo, mhudumu hutoa dawa na kuridhika. Mpe dawa ya malaria anayestahili, lakini homa ikiendelea baada ya dozi kamili na wengu ukiwa palepale, mtu huyo anahitaji kipimo cha kala-azar hata kama malaria ilikuwa ya kweli.

Hatua ya sita: kipimo

Kipimo cha haraka kinachotumika ni rK39: tone la damu kutoka kidoleni, kijiti, na majibu kabla ya nusu saa. Ni kipimo kizuri chenye mapungufu mawili ambayo lazima mtu ayajue. Kwanza, Afrika Mashariki hukosa takriban wagonjwa 15 katika kila 100, wakati India hukosa wachache sana. Kwa hiyo jibu la "hapana" kwa mtu mwenye dalili zote halimrudishi nyumbani, linampeleka hospitali kwa vipimo zaidi. Pili, hubaki kikisema "ndiyo" kwa miezi na miaka baada ya mtu kupona, na kwa sababu hiyo hakifai kwa aliyewahi kutibiwa. Huyo huhitaji kimelea kionekane kwa hadubini, katika majimaji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye wengu, uboho au tezi, kazi ya hospitali yenye wataalamu na damu ya akiba.

Hatua ya saba: tiba, na miezi sita inayofuata

Hospitali ya Amudat imekuwa kitovu cha tiba ya kala-azar nchini tangu shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipoanzisha mpango wake hapo mwaka 2000. Tiba ya kawaida ya Afrika Mashariki ni sindano za sodiamu stibogluconeti pamoja na paromomisini kila siku kwa siku 17, badala ya siku 30 za stibogluconeti peke yake zilizokuwa zikitolewa zamani. Wajawazito, wagonjwa mahututi, wazee na wenye virusi vya UKIMWI hupewa amfoterisini B ya liposomu, kwa kuwa stibogluconeti inaweza kudhuru moyo na kongosho. Kwa sababu hiyo kila mgonjwa hupimwa virusi hivyo kabla ya kuanza. Matokeo ya majaribio yaliyohusisha Amudat pia, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba vidonge vya miltefosini pamoja na paromomisini kwa siku 14 vinafanya kazi kwa kiwango kinacholingana, jambo lenye unafuu mkubwa kwa mtoto anayepokea sindano mbili kila siku.

Eleza haya kwa familia kabla hawajaondoka nyumbani: mtu mmoja atakaa hospitali na mgonjwa kwa wiki kadhaa, na lazima mwingine abaki na mifugo. Wengi wanaotoroka kabla ya siku ya mwisho hawakushindwa na sindano. Walishindwa na habari kwamba mbuzi wamepotea. Panga na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) nani atachunga, na utakuwa umeokoa dozi nyingi kuliko kwa hotuba.

Homa hushuka ndani ya wiki ya kwanza, lakini wengu huchukua miezi kurudi. Mtembelee aliyepona baada ya mwezi mmoja, wa tatu na wa sita. Mwangalie uso kwenye mwanga wa jua ukitafuta madoa, na uulize kuhusu homa.

Hatua ya nane: linda usiku

Uchunguzi uliofanywa katika nchi ya Wapokot, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ulionyesha kwamba wenye vyandarua, na wanaozijua dalili za ugonjwa, walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Chandarua kiwe chenye dawa, kwani usubi anaweza kupenya matundu ya chandarua cha kawaida. Ni dawa inayomuua. Kifungwe mapema, maana mdudu huanza kuuma giza linapoingia, na mchungaji akibebe hadi kambini na kukitundika kwenye matawi. Mahali pa kulala pasogezwe mbali na vichuguu, na watoto wazuiwe kuvikalia wakati wa magharibi.

Kuhusu kuvibomoa vichuguu, ushauri wangu ni kutovishambulia vyote. Mchwa hujenga upya haraka, kazi ni ngumu, na kumwaga sumu ndani ya kichuguu ambacho watu huvuna kumbikumbi wa kula ni kuleta balaa la pili. Kibomolewe na kufukiwa kile kilicho ndani ya boma au kinachopakana na malazi, na hicho kirudiwe kila kinapoota.

Hatua ya tisa: fanya yanayofaa kwa wanyama

Usiue mbwa. Brazil, ambako mbwa ni hifadhi kweli, imewaua kwa miaka mingi bila kuonyesha waziwazi kwamba ugonjwa wa watu ulipungua, na mbwa waliouawa walibadilishwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Huku mbwa ni mlinzi wa kundi. Inatosha mbwa asilale kitanda kimoja na watoto, na mbwa aliyekonda, mwenye vidonda masikioni na kucha ndefu kupita kiasi, aonyeshwe kwa ofisa wa mifugo.

Zizi liwe hatua kadhaa kutoka kwenye malazi, na samadi iondolewe mara kwa mara, kwa sababu usubi huzaliana kwenye udongo wenye unyevu na uchafu wa mimea na wanyama. Kupuliza mifugo dawa kuendelee kwa ajili ya kupe, lakini kusihesabiwe kuwa kinga ya kala-azar, kwani usubi anayefukuzwa kwenye ng'ombe huweza kumgeukia aliyelala kando yake.

Hatua ya kumi: andika, na uandike kwa ajili ya pande mbili za mpaka

Mwaka 2023 wawakilishi wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mjini Nairobi kufanya kazi pamoja ya kuutokomeza ugonjwa huu. Makubaliano hayo yataonekana au hayataonekana katika daftari la kijiji. Kwa kila mgonjwa andika umri, kijiji, kambi alizolala miezi sita iliyopita, tarehe homa ilipoanza, na kama amewahi kutibiwa. Mpokot mmoja anaweza kuugua Amudat, kupimwa Kacheliba nchini Kenya na kupata madoa akiwa Nakapiripirit, na kila kituo kikamhesabu kuwa mgeni. Mpe kadi yenye jina la dawa, idadi ya siku alizomaliza na tarehe ya kurudi, iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni na kufungwa vizuri, na umwambie aionyeshe kwa mhudumu wa kwanza atakayekutana naye, awe wa Uganda au wa Kenya.